Matundu Chini ya Paa

Jina langu ni Hashi Kahin, fundi seremala. Kwa miaka kumi na tisa nilishika nyundo katika hospitali moja ndogo ya hapa Isiolo, ambayo siku hizi imefungwa. Baba yangu alikuwa askari wa Mwingereza, na vita vyake vilipokwisha alibaki hapa na sisi tukabaki naye. Sikwenda shule utotoni. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na minane, katika ngumbaru ya Wabera, darasa la watu wazima, jioni baada ya kazi, mikono yangu ikinuka gundi. Mwaka wa 1976 nilifanya mtihani wa elimu ya afya nikapata ishirini kwa ishirini. Daftari lile ninalo hadi leo. Swali la tano liliuliza: kwa nini nyumba hujengwa na matundu karibu na paa? Nilijibu kwa mwandiko mzuri kwamba hewa iliyotumika huwa na joto, hupanda juu, na matundu huitoa nje ili watu walio ndani wasiambukizane magonjwa. Mwalimu Yattani aliandika kando kwa wino mwekundu: Safi sana.

Nalitaja hilo mapema ili nisije nikasema sikujua.

Wodi ya watoto katika hospitali yetu ilikuwa jengo refu la mawe lenye vitanda kumi na sita. Juu ya madirisha, chini tu ya paa, palikuwa na matundu kumi na manane, tisa kila upande. Kila tundu lingeweza kupitisha kichwa cha mbuzi, na halikuwa na kitu ila waya wa kuzuia popo. Aliyeijenga wodi hiyo alikuwa amekufa zamani na hakuacha maelezo.

Mwaka wa 1984 mvua ya Aprili haikunyesha. Kufikia Julai upepo wa kutoka upande wa Ngaremara ulileta vumbi laini kama unga, likaingia kwa yale matundu na kutua juu ya vitanda, juu ya dripu, juu ya vikombe. Wodi ilikuwa imejaa watoto wa njaa. Katika kitanda cha sita alilala Huka, mtoto wa mwaka mmoja na nusu kutoka Gotu, miguu yake myembamba kama mpini wa patasi. Mama yake aliitwa Tiya, msichana mdogo wa Kiborana ambaye mifugo ya mume wake ilikuwa imekwisha yote.

Siku moja nikirekebisha mguu wa kitanda, Tiya aliniita.

"Mzee, angalia hii uji. Iko na mchanga. Mtoto anatafuna uji kama mtu anakula mfupa."

Niliangalia, nikaona ni kweli. Nikaenda moja kwa moja kwa Sista Umulkheir, mkuu wa wodi ile.

"Sista, nipe ile plaiwudi ilibaki stoo. Nitaziba yale matundu ya juu, na vumbi itasahau hii wodi."

"Utachukua siku ngapi?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili yako, mzee, ama wiki mbili ya fundi wa bomba?"

"Sista, usinilinganishe na yule mtu."

Alicheka, akanipa ufunguo wa stoo.

Nilimaliza kwa siku kumi na moja. Kazi ile niliifanya kama mtu anayejenga nyumba ya binti yake. Kila ubao niliukata kwa kipimo cha tundu lake, kwa sababu hakuna matundu mawili yaliyolingana. Niliupiga msasa, nikaukaza kwa skrubu, nikajaza pati ya kuzibia nyufa pembeni na kupaka rangi ya krimu, hata ukisimama chini usiweze kujua kwamba ukuta ule uliwahi kuwa na tundu. Nyuma ya kila ubao, upande wa kutazama nje, nilichonga herufi zangu mbili: H.K.

Mke wangu Habsa, aliyeniletea chakula cha mchana, alinikuta nikichonga.

"Baba Kahin, unaandika jina mahali hakuna mtu ataliona?"

"Mungu ataliona."

"Basi Mungu aone pia vile wali unapoa."

Wodi ikatulia. Vumbi likabaki nje. Wageni wa kamati ya hospitali walipokuja, Sista aliwaonyesha kuta, nami nikasimama kando na kofia yangu mkononi kama mtu asiyesikia anavyosifiwa. Lakini sifa niliyoipenda zaidi ilitoka kwa Tiya. Alinifuata hadi mlangoni akaniambia, "Mungu akulipe, mzee. Leo Huka amekula uji bila mchanga." Huka mwenyewe alikuwa ameanza kunenepa mashavuni. Kila nilipoinama karibu naye alinyoosha mkono kunyakua penseli iliyokuwa sikioni mwangu, na akiipata alicheka hadi akapaliwa.

Agosti surua iliingia.

Hospitali ilikuwa na chumba cha kuwatenga watoto wa surua, lakini mwaka ule chumba hicho kilijaa magunia ya unga wa msaada hadi dirishani. Kwa hiyo Sista aliwalaza watoto wa surua mwisho wa wodi, vitanda vitatu, akawatenga na wengine kwa pazia la kitambaa cha kijani. Wa kwanza kulazwa huko alikuwa Diba, aliyeletwa na bibi yake Hawo kutoka Ngaremara. Hawo alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuita ngamia, na hakuwa na habari kwamba hapa ni hospitali. Siku ya kwanza tu alifunga madirisha yote ya upande wake.

Sikumlaumu. Kwetu, Msomali kwa Mborana, mtoto wa surua hawekwi kwenye upepo. Hufunikwa, mlango ukafungwa, vipele vipate kutoka vyote. Upepo ukimpiga, vipele hurudi ndani na kumuua. Ndivyo mama yangu alivyonilea, na ndivyo nilivyowalea wanangu. Hawo alipotazama juu na kuona kuta zangu hazina tundu, alinibariki mbele ya watu.

Mwezi huohuo tuliletewa afisa mpya wa matibabu kutoka Meru, kijana aliyeitwa Gikunda. Sisi wote tulimwita daktari. Hakuwahi kuiona wodi ile kabla, na alidhani ilijengwa vile alivyoikuta. Baada ya wiki mbili alinisimamisha uani.

"Mzee Hashi, wewe umekaa hapa miaka mingi. Niambie. Hawa watoto wanaingia na njaa, hawana kipele hata kimoja. Halafu surua inawapata hapa ndani, wamelala. Wanne sasa. Pazia iko. Inawafikia namna gani?"

"Ni upepo, daktari. Akina mama wanafungua madirisha."

"Upepo," alisema, kisha akaitwa mahali pengine.

Wa tano alikuwa Huka. Alianza kwa mafua na macho mekundu, kisha homa, kisha vipele nyuma ya masikio. Mwili uliokuwa umeanza tu kupata nguvu haukuwa na akiba ya kupigana. Kifua kilimbana, na siku ya sita alifariki asubuhi, Tiya akiwa amemshika. Tulimzika siku hiyo hiyo. Tiya hakuwa na nyumba ya kurudia Gotu, maana watu wake walikuwa wamehama kutafuta maji, kwa hiyo Sista alimpa kazi ya kufua shuka.

Mimi nilitoka makaburini nikaenda stoo. Nilichukua pati iliyobaki nikaziba nyufa ndogo za madirisha, na kila dirisha nikalitia ndoano ya ndani. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Huka.

Wiki hiyo mjukuu wangu Deqa akaugua. Alikuwa binti wa mwanangu Kahin, dereva wa lori, na mkewe Istar. Alikuwa na miezi saba. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka, na maziwa ya kopo yakamletea kuhara hadi ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama.

"Aabo," Kahin aliniambia, "lori inaenda Nanyuki kesho asubuhi. Wacha nimpeleke huko."

"Nanyuki kuna nini? Mtoto atakufa njiani. Wodi yangu hapa haina hata vumbi."

"Watu wanasema kuna surua."

"Surua iko nyuma ya pazia. Hakuna upepo unaingia mle. Nimeifunga mwenyewe."

Kahin alitazama chini. Ni mtu mzima, ana ndevu, lakini mimi ni baba yake. Lori likaenda bila mtoto.

Gikunda alimtia Deqa dripu, kisha akanivuta kando. "Mzee, chanjo ya surua ni miezi tisa. Huyu ana saba. Kuhara tutamaliza. Lakini surua ikimpata katika hali hii, sina kitu cha kumpa. Unanielewa?"

"Haitampata," nilisema.

Kitanda cha Deqa kilikuwa cha tano kutoka kwenye pazia.

Siku ya nne, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Habsa alikuja kumwona mjukuu. Wodi ilinuka. Maziwa yaliyoganda, matapishi, vitambaa vya watoto, jasho la akina mama, na joto lililokaa mle kama lililofungiwa kwa ufunguo. Habsa ni mtu wa ubani. Nyumbani kwetu hakuna mlo unaokwisha bila yeye kutia ubani kwenye chetezo chake cha jiwe, kile tunachokiita dabqaad. Siku hiyo alikuwa amekuja nacho.

"Sista," alisema, "nipe dakika tano tu. Hawa watoto wananuka kama zizi."

"Kwa mjukuu wako peke yake?" Hawo aliuliza kutoka nyuma ya pazia. "Leta hapa! Diba wangu ndiye anahitaji moshi. Ama ubani yako ni ya Wasomali tu?"

"Habsa, mpelekee kabla hajabomoa hospitali," Sista alisema.

Habsa alicheka, akapita nyuma ya pazia na kuweka chetezo chini, miguuni mwa kitanda cha Diba. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nikikaza skrubu ya fimbo ya pazia hilohilo, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa karibu na siling. Ndiyo maana niliona.

Moshi ulipanda wima mbele ya uso wa Diba, ukapita juu ya pazia kana kwamba pazia halipo, ukafika siling. Hapo nilingoja uende zake. Nyumbani kwangu huenda zake. Hutoka chini ya mabati na jirani hujua tumekula. Huu ulitandaa. Ulifuata siling taratibu hadi kwenye ubao wangu wa kwanza, ukaugonga, ukajikunja, ukarudi chini. Ukagonga wa pili. Wa tatu. Uliteremka ukutani juu ya kitanda cha sita, alipokuwa amelala Huka, na sasa kulikuwa na mtoto mwingine. Kisha nikamwona Istar akipunga mkono mbele ya uso wa Deqa, na Deqa akapiga chafya.

Nilishuka. Nilikaa juu ya debe la rangi nikautazama moshi ule. Habsa alishaondoa chetezo, akaenda nyumbani. Muadhini wa alasiri aliadhini, na ubani wa Habsa ulikuwa bado mle, umening'inia usawa wa vitanda, watoto kumi na sita wakiuvuta na kuutoa, kuuvuta na kuutoa.

Jibu la swali la tano nilikuwa nalijua daftarini. Ukutani sikulijua.

Nilimkuta Gikunda akila chapati amesimama.

"Daktari, njoo uone."

Alikuja. Nilimwonyesha moshi, kisha nikamwonyesha kuta kwa kidole, ubao kwa ubao, maana bila kuonyeshwa asingejua. Aliacha kutafuna.

"Kulikuwa na matundu hapa?"

"Kumi na manane."

"Nani aliziba?"

Nilikuwa na majibu mengi. Sista aliruhusu. Kamati ilisifu. Akina mama waliomba. Yote yalikuwa kweli.

"Mimi," nilisema.

Gikunda aliketi kwenye ukingo wa kitanda kitupu. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. "Kubadilisha jengo kunataka barua," alisema mwishowe. "Kamati inakaa Jumanne."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua." Alisimama akafunga kitabu chake. "Mimi naenda kuona wagonjwa wa nje, mzee. Kule kuna kelele sana. Mtu hawezi kusikia nyundo."

Nilianza na ubao uliokuwa juu ya Deqa. Pati ilikuwa imeshika vizuri, kazi ya mkono wangu, ikabidi niipige na patasi. Ubao wa kwanza ulipoanguka, vumbi la wiki nyingi liliporomoka pamoja nao, na akina mama wakapiga kelele. Hawo alitoka nyuma ya pazia akiwa na Diba mgongoni.

"Wewe mzee! Umerukwa na akili? Juzi unafunga, leo unafungua! Upepo itarudisha surua ndani ya mtoto!"

"Diba yako anapona, Hawo."

"Anapona kwa sababu ulifunga!"

"Mwambie, mwambie!" wengine walisema. Mmoja aliuliza kama mshahara wangu ni wa kufunga au wa kufungua, na wote wakacheka. Chini ya ngazi, Tiya alikuwa amesimama na beseni la shuka. Yeye hakucheka.

Niligeuka juu ya ngazi. Sijawahi kuhutubia watu, isipokuwa siku ya kupokea cheti cha ngumbaru.

"Akina mama," nilisema, "nisikilizeni. Surua haibebwi na upepo kutoka nje. Iko katika pumzi ya mtoto mgonjwa, na pumzi inataka mahali pa kutokea. Mahali pake palikuwa hapa juu. Niliziba mimi. Nilikuwa nimesoma haya shuleni nikapewa alama zote, na bado niliziba. Nimekosea. Huka wa Tiya alilala chini ya mbao hizi."

Hawo alirudi nyuma ya pazia.

Tiya aliweka beseni chini. Aliokota ule ubao, akaupeleka nje, akarudi kuungoja wa pili. Tulifanya kazi hivyo hadi jua likaingia kwa matundu ya upande wa magharibi, mimi nikiangusha, yeye akibeba. Ubao wa mwisho alioshika ulikuwa wa juu ya kitanda cha sita. Aliutazama, mbele na nyuma, kisha akanitazama.

"Siku ulifunga," alisema, "mimi nilikupa asante."

Akautoa nje.

Kesho yake Gikunda alihamishia watoto wa surua kwenye veranda, chini ya turubai, na magunia ya unga yakaanza kutolewa kwenye chumba chao. Vumbi lilirudi. Akina mama walifunika vikombe kwa visahani na kufuta vitanda kwa kitambaa chenye maji, asubuhi na jioni, na uji ukawa tena na mchanga kidogo. Kamati ilipokaa Jumanne ilinipa barua ya onyo. Niliisoma mwenyewe, bila msaada wa mtu.

"Kutoka siku mlifungua, tuhesabu," Gikunda aliniambia. "Ikipita wiki mbili na Deqa hana homa, basi hakuivuta surua. Lakini alikaa mle siku nne, mzee. Usijiahidi kitu."

Nilihesabu. Kuhara kwa Deqa kulikwisha siku ya tatu. Siku ya saba alinyonya chupa nzima akalia apewe nyingine. Siku ya tisa Kahin alikuja kutoka safari, akambeba, akamzungusha uani, na Istar akaanza kufunga vitu vyake. Siku ya kumi asubuhi nilimwinamia nikaona macho yake mekundu, yana maji, na mwanga wa mlangoni unamuumiza. Sikungoja vipele ndipo nijue ni surua.

Kahin alisimama upande wa pili wa kitanda. Nilimngoja ataje lori la Nanyuki. Hakulitaja siku hiyo, wala hajalitaja mpaka leo, na kila anaponiamkia huwa nalisikia.

Deqa alilala verandani siku kumi na mbili, Gikunda akija mara nne kwa siku. Habsa aliacha ubani akashika tasbihi. Hawo, ambaye alikuwa amekuja kumpimisha Diba uzito, alikaa na sisi siku mbili bila kualikwa, akimwekea mtoto kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, kichwa kikiwa kwenye upepo, na hakusema kitu juu ya upepo. Homa ilishuka siku ya kumi. Mtoto aliishi. Jicho la kushoto lilikuwa limepata kidonda, na kidonda kilipopona kiliacha ukungu mweupe juu ya mboni. Kwa jicho hilo haoni.

Baada yake, hakuna mtoto mwingine aliyeingia wodi ile na njaa akapata surua akiwa kitandani, mpaka mvua za Novemba zilipoonekana na Gikunda akaacha kuandika hesabu ile. Aliniambia ili kunifariji. Nami nilihesabu upande mwingine: waliokuwa wanne, kisha Huka, kisha Deqa.

Nilistaafu miaka mitatu baadaye. Zile mbao hospitali haikuzitaka tena, nikazibeba nyumbani. Nyingi zimeliwa na mchwa. Mmoja niliupaka rangi nyeusi nikaufanya ubao wa kuandikia, kwa sababu Deqa mwaka huu wa 1989 ameanza shule ya nasari, na nimesema jicho moja likifundishwa vizuri linatosha kusoma. Hugeuza kichwa kidogo kushoto anaposoma, kama ndege.

Wiki iliyopita ubao ulianguka ukageuka. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mchongo.

"Ha," alisoma. "Ka. Awowe, hii ni nani?"

"Ni mimi. Hashi Kahin."

"Kwa nini uliandika nyuma? Nyuma hakuna mtu anaona."

"Niliandika ili Mungu aone."

Alifikiri, kichwa kimegeuka, jicho lake zuri likinitazama.

"Na aliona?"

"Aliona," nilisema. Kisha nikamkalisha karibu nami, nikamweleza habari ya matundu, tangu mwanzo.